Mbu Walewale, Wakazi Wapya Ndani Yao: Uchambuzi wa Kisa cha Yogyakarta

Kati ya Machi na Desemba 2017, katika mji wa Yogyakarta kisiwani Java, Indonesia, wenyeji wengi walikubali jambo ambalo kwa kawaida mtu angelikataa papo hapo: kuwekewa mayai ya mbu uani kwao. Vilikuwa vindoo vidogo vya plastiki vyenye mfuniko na matundu pembeni. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na maji, chakula kidogo cha samaki cha kulishia viluwiluwi, na kipande cha karatasi au kitambaa chenye mayai mia moja na kitu. Ndoo iliwekwa kivulini, pasipofikiwa na watoto wala kuku. Mayai yalianguliwa, viluwiluwi vikakua, mbu wakatoka kwenye yale matundu na kwenda zao. Baada ya wiki mbili hivi mhudumu alirudi, akamwaga maji na kuweka mayai mapya.

Mbu hao hawakuwa wa aina ya kigeni. Walikuwa Aedes aegypti, mbu yuleyule mweusi mwenye madoadoa meupe aumaye mchana na kueneza kidingapopo (dengue), chikungunya, zika na homa ya manjano. Tofauti yao na wale wa mtaani ilikuwa moja tu: ndani ya seli zao waliishi bakteria waitwao Wolbachia. Miaka minne baadaye dunia ilipata kujua kilichotokea. Kisa hiki nakichambua kwa sababu kinajibu vizuri kuliko kingine chochote ninachokijua swali moja: je, bakteria wanaoishi ndani ya mbu wanaweza kuamua kama mbu huyo ataeneza virusi au la?

Yogyakarta ilikuwa imechoka. Kidingapopo kilikuwa cha kila mwaka, na kinga ya aina moja ya kirusi haimwokoi mtu na nyingine tatu. Pengine huifanya homa ya pili kuwa kali zaidi. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo mwilini. Chandarua husaidia kidogo, maana mbu huyu huuma watu wakiwa kazini, shuleni na jikoni. Moshi wa dawa unaopulizwa mitaani hufika barabarani na uani, ilhali Aedes amejificha nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Juu ya hayo, mbu wengi wamekuwa sugu kwa dawa zenyewe.

Wolbachia wenyewe si wageni kwa sayansi. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach waliwaona kwa hadubini mwaka 1924 ndani ya mbu wa kawaida wa nyumbani, Culex pipiens. Leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya aina zote za wadudu duniani wanao. Mama huwarithisha watoto kupitia yai, baba hawezi. Lakini dume hutumika kwa njia nyingine. Dume mwenye Wolbachia akipanda jike asiye nao, mayai yanakufa. Jike mwenye nao huzaa vizuri, awe amepandwa na dume yeyote. Kwa hiyo kila kizazi majike wenye bakteria huwazidi wenzao kwa watoto wanaopona, na bakteria husambaa bila kusukumwa na mtu. Hapo ndipo penye uzuri wa mpango mzima: ukifikisha idadi ya kutosha mahali fulani, kazi inajiendesha yenyewe.

Tatizo lilikuwa kwamba Aedes aegypti, kwa bahati mbaya yetu, ni katika wale wasio nao kiasili. Ilibidi apewe. Mtafiti huchukua yai lililotagwa muda si mrefu, likiwa bado laini, na chini ya hadubini hulichoma kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, upande ule wa nyuma ambako seli za uzazi zitaanzia. Mengi hufa. Machache hupona, na kati ya hayo ni machache zaidi yatakayotoa jike anayewarithisha bakteria watoto wake wote. Kundi la Scott O'Neill nchini Australia lilihangaika na kazi hii kwa miaka, likiwakuza kwanza bakteria waliotoka kwa inzi wa matunda ndani ya seli za mbu maabara ili wazoee makazi mapya. Mwaka 2009 walitangaza kwamba wamefanikiwa.

Lengo lao la kwanza halikuwa kuzuia virusi. Aina waliyoianza, wMelPop, hufupisha maisha ya mdudu kwa karibu nusu. Hoja ilikuwa kwamba kirusi cha kidingapopo huhitaji siku kama 8 hadi 12 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, kwa hiyo mbu akifa mapema hatari inakwisha. Hoja nzuri, ila mbu waliodhoofishwa namna hiyo hawakuhimili maisha ya nje. Walipoachiliwa huko Vietnam na Australia bakteria hawakudumu. Wakati huohuo kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kilijitokeza. Mwaka 2008 makundi mawili tofauti yaligundua kwamba inzi wa matunda wenye Wolbachia wanastahimili virusi vinavyowaua wenzao. Mwaka uliofuata ikaonekana hivyohivyo kwa mbu: Aedes waliopewa bakteria na kisha kulishwa damu yenye virusi vya dengue au chikungunya walibeba virusi vichache mno. Basi mpango ukageuka. Badala ya kumfupishia mbu maisha, aachwe aishi, aume, azae, ila asiwe na cha kuambukiza. Aina ya upole zaidi, wMel, ikachukuliwa, na Januari 2011 mbu wa kwanza wakaachiliwa katika vitongoji viwili karibu na Cairns, kaskazini mwa Australia. Bakteria wakashika na kukaa.

Lakini Cairns haikuwa na kidingapopo cha kudumu. Ilitakiwa sehemu yenye ugonjwa wa kweli, na ipimwe kwa namna ambayo mpinzani mkali hataweza kuipuuza.

Yogyakarta ikachaguliwa. Kazi iliongozwa na Profesa Adi Utarini wa Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, kwa ushirikiano na Mpango wa Mbu Duniani wa Chuo Kikuu cha Monash, na fedha zilitoka kwa Wakfu wa Tahija wa hukohuko Indonesia. Hawakuanza na mji. Kuanzia 2014 waliachilia mbu katika vijiji vichache vya wilaya jirani za Sleman na Bantul, wakakaa na wazee wa mitaa, wakajibu maswali, wakasubiri. Naona hatua hiyo haitajwi vya kutosha katika simulizi za mafanikio haya. Watu wanaoombwa kufuga mbu wa ugonjwa wana haki ya kuuliza kama bakteria hao wataingia kwa binadamu (Wolbachia huishi ndani ya seli za wadudu, jamaa zao na baadhi ya minyoo, na hawaambukizi binadamu), na anayeuliza hapaswi kuonekana mjinga.

Eneo la kilometa za mraba 26 liligawanywa katika sehemu 24. Kura ikapigwa: sehemu 12 zipate mbu wapya, 12 zibaki kama zilivyo. Bakteria walipokwisha kushika, kuanzia Januari 2018, zahanati 18 za mji zilianza kuandikisha watu wa umri wa miaka 3 hadi 45 waliofika wakiwa na homa ya siku moja hadi nne. Kila mmoja alitolewa damu ipimwe virusi, na kuulizwa amekuwa wapi siku kumi zilizopita.

Mantiki ya kipimo hiki yahitaji kuelezwa taratibu. Mtu akipatwa na homa hajui ni homa gani. Anakwenda tu zahanati. Wale ambao damu yao haikuonyesha kidingapopo ndio waliotumika kama kioo cha jamii: wanaonyesha ni watu wangapi wa sehemu hii na ile huwa wanakwenda kutibiwa. Kama mbu wapya hawana maana yoyote, basi sehemu ya wagonjwa wa homa wenye kidingapopo ingelingana pande zote mbili. Na kwa kuwa wote wamejileta wenyewe kwa homa, mtu hawezi kusema upande mmoja unapenda zahanati kuliko mwingine.

Watu 8,144 waliandikishwa, na 6,306 kati yao wakaingia kwenye uchambuzi. Kwenye sehemu zenye Wolbachia, watu 67 kati ya 2,905 walikutwa na kidingapopo, yaani asilimia 2.3. Kwenye sehemu zisizo nao walikuwa 318 kati ya 3,401, asilimia 9.4. Kinga ilikadiriwa kuwa asilimia 77, na ilionekana dhidi ya aina zote nne za kirusi. Waliolazwa hospitali kwa kidingapopo walikuwa 13 upande mmoja na 102 upande wa pili, kinga ya asilimia 86. Mimi naiona takwimu hii ya pili kuwa nzito zaidi, maana kulazwa ndiko kunakomaliza akiba ya familia. Jaribio lilikatizwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, lakini idadi ya wagonjwa iliyohitajika ilikuwa imekwisha kupatikana. Matokeo yalichapishwa Juni 2021 katika New England Journal of Medicine, na mitaa iliyokuwa imebaki nje nayo ikapewa mbu.

Kuna jambo linalofanya takwimu hizo huenda zikawa chini ya ukweli. Sehemu zile 24 zilipakana. Mtoto aliishi kwenye mbu wema akasoma shule kwenye mbu wabaya, na mbu wenyewe hawana habari na mipaka ya watafiti. Mchanganyiko wa namna hiyo huwa unapunguza tofauti inayoonekana. Upande wa pili, hapakuwa na mbu bandia wa kulinganishia, na wenyeji walijua kama mtaa wao umepata au haukupata. Maabara hawakuambiwa damu imetoka wapi, na hilo linanitosha.

Sasa tuingie ndani ya mbu, maana hapo ndipo kisa kinaponoga.

Virusi huingia pamoja na damu hadi utumbo wa kati. Lazima vipenye seli za ukuta wa utumbo, vijizalishe humo kwa kutumia tando za seli yenyewe, vitoke upande wa pili, visambae mwilini, na mwisho vifike kwenye tezi za mate. Visipofika kwenye mate, mbu anaweza kuuma siku nzima bila kumwambukiza mtu. Wolbachia wanaharibu safari hii. Vipi?

Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kinga. Mbu hana kingamwili kama zetu, lakini ana mifumo ya kutambua adui: mmoja huitwa Toll, mwingine IMD, na upo mwingine wa kukatakata RNA, yaani maandishi ya urithi ya virusi. Mwaka 2012 utafiti juu ya Aedes waliopewa aina nyingine ya Wolbachia, wAlbB, ulionyesha mlolongo uliokamilika: bakteria wapya huufanya mwili wa mbu uzalishe oksijeni kali, oksijeni hiyo huwasha mfumo wa Toll, na Toll huzalisha protini za ulinzi kama defensini na sekropini. Virusi hukuta mwili uko macho tayari. Ushahidi ni mzuri, na watu wengi wakaishia hapo.

Lakini mwaka huohuo ukaja ushahidi unaosumbua. Inzi wa matunda, aliyeishi na wMel vizazi na vizazi, hana kinga iliyoamshwa. Jeni zake za ulinzi zimetulia kabisa. Na bado virusi havistawi ndani yake. Pia, hata mdudu akiharibiwa ule mfumo wa kukata RNA, kizuizi kinabaki. Basi kinga iliyoamshwa haiwezi kuwa mzizi wa jambo. Ni nyongeza inayotokea kwa mbu kwa sababu Wolbachia ni wageni kwake, na wageni hushtua.

Mzizi, kwa maoni yangu, umo kwenye picha moja ya utafiti wa 2009. Seli za mbu zilitiwa rangi, bakteria wakawa na rangi yao na virusi na yao. Palipokuwa na bakteria hapakuwa na virusi, na virusi vilionekana tu kwenye seli chache ambazo bakteria hawakuzifikia. Yaani kazi inafanyika ndani ya seli ileile, uso kwa uso, wala si kwa askari wanaozunguka mwilini. Wolbachia ni kama mpangaji aliyelishika jiko: anayekuja baada yake hana pa kupikia. Wadudu hawawezi kujitengenezea kolesteroli, wanaipata kwenye chakula, na bakteria na virusi wote wanaihitaji. Inzi wenye Wolbachia walipolishwa kolesteroli zaidi, ulinzi wao dhidi ya virusi ulipungua. Tando ambazo virusi vingejijengea kiwanda huwa zimevurugwa. RNA ya kirusi iliyoingia huvunjwa haraka, na kimeng'enya cha seli kiitwacho XRN1 kimehusishwa na uvunjaji huo. Jambo moja hurudi katika karibu kila utafiti: bakteria wakiwa wengi ndani ya seli, kizuizi kinakuwa imara, wakiwa haba, kinalegea.

Ukilishika hilo, utaelewa nguvu na udhaifu wa Yogyakarta kwa pamoja. Nguvu ni kwamba kirusi hakipigwi kwa njia moja ambayo mabadiliko madogo ya RNA yangeiepa. Udhaifu ni kwamba chochote kinachowapunguza bakteria kinafungua mlango, na mpunguzaji mkubwa ni joto. Maabara ilionyesha kwamba viluwiluwi wa wMel wakikulia kwenye maji yanayopanda hadi nyuzi 37 mchana, hupoteza sehemu kubwa ya bakteria wao. Novemba 2018 Cairns ilipata wimbi la joto la zaidi ya nyuzi 42, na Wolbachia wakapungua mitaani kabla ya kuongezeka tena. Kuala Lumpur, Malaysia, walichagua wAlbB, inayovumilia joto, na kidingapopo kikapungua kwa asilimia kama 40. Ni pungufu ya Yogyakarta, lakini ni watu halisi ambao hawakuugua.

Tahadhari nyingine: tusidhani kila bakteria ndani ya mbu ni rafiki. Wolbachia wanaishi ndani ya seli. Utumboni kuna jamii nyingine kubwa inayobadilika kutokana na maji aliyokulia mbu. Mwaka 2008 watafiti waliwapa Aedes dawa za kuua bakteria wa utumbo, na virusi vya dengue vikaongezeka, kwa kuwa ni bakteria hao waliokuwa wakiuweka mfumo wa Toll tayari. Hapa sasa kinga ndiyo yenye neno. Lakini bakteria mwingine wa utumbo, Serratia marcescens, hufanya kinyume: hutoa protini inayoyeyusha ute unaofunika ukuta wa utumbo, na virusi hupata njia nyeupe. Na mwaka 2024 bakteria aliyepatikana kwa mbu wa Yunnan, China, alionekana kuutia utumbo asidi baada ya mbu kunywa damu, kiasi cha kuvilemaza virusi vya dengue na zika kabla havijaingia kwenye seli. Mbu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kutoka dimbwi hili na mwingine dimbwi lile, wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa.

Haya yote si ya Asia peke yake. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Zika ilipatikana Uganda mwaka 1947. Dar es Salaam iliugua kidingapopo mwaka 2014 na vibaya zaidi 2019. Mombasa nayo imekipata mara kadhaa tangu 2013. Wanasayansi wa hapa kwetu si watazamaji: mwaka 2020 timu ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, ilieleza juu ya Microsporidia MB, kiumbe wa jamii ya fangasi anayeishi ndani ya Anopheles arabiensis huko Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria, na anayezuia vimelea vya malaria. Huyo hahitaji hata kuchomekwa kwa sindano, yuko mwituni tayari.

Lakini nani aseme Yogyakarta inaweza kunakiliwa Dar es Salaam kama ilivyo? Aedes wa Afrika wana sura mbili, mmoja wa mjini apendaye damu ya watu na mwingine wa msituni, na kwenye miji yetu hukutana na kuzaliana. Mazalia yetu nayo yana tabia zake: matairi ya gereji yaliyoachwa juani, mapipa na madumu ya maji kwenye nyumba ambazo bomba halitoki kila siku, vifuu vya nazi, magari mabovu. Maji ndani ya tairi jeusi saa nane mchana mwezi Februari hayana joto sawa na la ndoo iliyowekwa kivulini Java.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuagiza mayai. Ni kuweka vipimajoto ndani ya matairi na madumu hayo kwa mwaka mzima, na kuwapima mbu wa kila kata kujua ni wa sura ipi, wanabeba bakteria gani utumboni na ni sugu kwa dawa zipi, kwa sababu mbu wanaoachiliwa lazima wawe na usugu unaolingana na wa wenyeji la sivyo watakufa kwa dawa kabla hawajazaa. Vipimo vya joto ndivyo vitakavyosema kama aina ya kubebwa ni wMel au wAlbB, na vya mbu ndivyo vitakavyosema ni mbu wa kata gani watumike kuzalishia.